Safari ya Springfield, Mji wa Wakili Lincoln

Treni ya kutoka Chicago kwenda Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois, hutumia takriban saa tatu na nusu, na sehemu kubwa ya njia hupita katika mashamba ya mahindi na soya yaliyotandaa pande zote mbili mpaka macho yanapokomea. Niliifunga safari hiyo kwa sababu Abraham Lincoln niliyesomeshwa shuleni alikuwa Rais tu, mtu wa vita na wa tangazo la kuwaacha huru watumwa, ilhali kwa karibu miaka 25 ya utu uzima wake alikuwa wakili wa mji mdogo, mume wa mtu na baba wa watoto wanne. Huyo ndiye niliyetaka kumfahamu.

Kabla ya kufika, treni husimama katika mji uitwao Lincoln. Mji huo ulipewa jina lake mwaka 1853, alipokuwa bado wakili aliyewaandalia waanzilishi hati zao, na inasimuliwa kwamba aliuzindua kwa kumwaga maji ya tunda la tikitimaji. Watu walimwenzi mapema, kabla ya urais kumpa sifa nyingine yoyote.

Kutoka stesheni ya Springfield nilitembea kwa miguu hadi makutano ya Mtaa wa Nane na Mtaa wa Jackson. Nyumba yake ipo palepale, katika eneo ambalo magari hayaruhusiwi kupita. Aliinunua mwaka 1844 kwa mchungaji yuleyule aliyemfungisha ndoa na Mary Todd tarehe 4 Novemba 1842, na ilikuwa nyumba ndogo mpaka familia ilipoongezeka, ndipo ghorofa ya juu ikapanuliwa katikati ya miaka ya 1850. Mtumishi wa hifadhi aliyetuongoza alitueleza kwamba mkono wa ngazi ni uleule aliokuwa akiushika mwenye nyumba, na sote, wakubwa kwa watoto, tukapanda tukiwa tumeushika.

Katika nyumba hii walizaliwa watoto watatu kati ya wanne: Edward, Willie na Tad, ambao Robert alikuwa kaka yao mkubwa. Edward alifariki Februari 1850 kabla hajatimiza miaka minne, na Willie akazaliwa Desemba ya mwaka huohuo. Majirani walizoea kumwona wakili akiwavuta wanawe kwenye kigari huku amezama katika kitabu. Mshirika wake wa kazi, William Herndon, alilalamika kwamba siku za Jumapili watoto hao waliletwa ofisini, wakamwaga wino na kutawanya karatasi, na baba yao hakuwakemea. Namwelewa Herndon, lakini nampenda zaidi Lincoln kwa jambo hilo, hasa nikikumbuka kwamba alikuwa ameshazika mtoto.

Ofisi mojawapo aliyofanyia kazi na Herndon bado imesimama kwenye kona ya Mtaa wa Sita na Mtaa wa Adams, ng'ambo ya barabara kutoka jengo la zamani la serikali ya jimbo. Kesi zilizopita mikononi mwake zilikuwa zaidi ya 5,000, na nyingi zilikuwa za madeni, mipaka ya mashamba, mirathi, talaka na mifugo, ambazo ada yake mara nyingi haikuzidi dola 10 au 20. Barua na hati alizibeba ndani ya kofia yake ndefu. Katika maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya mhadhara wa sheria, aliwashauri mawakili wawazuie watu kushtakiana na wawashawishi majirani wapatane, kwa kuwa hata anayeshinda kesi mara nyingi hupoteza kwa gharama na muda. Kwangu mimi, siri ya kupendwa kwake imo humo, kwa sababu katika mji ambao hata alipouhama mwaka 1861 ulikuwa na watu wasiofika 10,000, mdai na mdaiwa walikutana tena kesho yake dukani na kanisani, na wakili aliyewasuluhisha alikuwa amewatunzia ujirani wao.

Wema huo ulionekana pia Mei 1858 katika mji wa Beardstown, alipomtetea kijana Duff Armstrong aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mama wa kijana huyo, Hannah, mjane wakati huo, alikuwa amemlisha na kumshonea nguo Lincoln alipokuwa kijana maskini katika kijiji cha New Salem. Shahidi alidai kuwa aliona tukio kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu angani. Lincoln akaleta almanaki, yaani kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi, na kuonyesha kwamba saa hiyo mwezi ulikuwa unakaribia kutua. Duff akaachiwa huru, na mama yake hakutozwa hata senti.

Hata hivyo, atakayemsimulia wakili huyu kwa mapenzi lazima ataje kesi mbili kwa pamoja. Mwaka 1841 hoja zake katika Mahakama Kuu ya Illinois zilisaidia kuthibitisha uhuru wa mwanamke mweusi aliyeitwa Nance. Mwaka 1847 alikubali kumwakilisha Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky aliyetaka kumrejesha utumwani Jane Bryant na watoto wake. Lincoln alishindwa, na nashukuru kwamba alishindwa. Kusema kwamba wakili humtetea yeyote anayemjia hakunitoshi, kwani yeye mwenyewe alikuwa baba wakati huo. Nilikuwa bado nalifikiria hilo nilipofika mahali ilipokuwa nyumba ya jirani yake mweusi, Jameson Jenkins, mchukuzi wa mizigo aliyewasaidia watumwa kutoroka, na ambaye Februari 1861 alimpeleka Lincoln stesheni alipoondoka kwenda Washington. Kwenye jukwaa la treni Lincoln aliwaambia wenzake wa Springfield kwamba watoto wake walizaliwa hapo, na mmoja amezikwa hapo.

Kuna mtu ambaye simulizi nyingi humpita haraka, naye ni Mary, mkewe. Kila mwaka, majira ya kuchipua na ya mapukutiko, Lincoln alifuatana na Jaji David Davis katika mahakama ya mzunguko, wakienda kaunti hadi kaunti kwa farasi, na mawakili wakilala wawili wawili kitandani. Davis alikumbuka kwamba wenzao walirudi makwao mwisho wa juma, lakini Lincoln alibaki. Wiki hizo zote Mary ndiye aliyeishikilia nyumba, akilea watoto na kuuguza wagonjwa.

Nilimalizia safari katika makaburi ya Oak Ridge, kaskazini mwa mji. Lincoln alipofariki mwaka 1865, viongozi wa Springfield walikuwa wameshaanza kutayarisha kaburi katikati ya mji, lakini Mary akakataa katakata, akashikilia Oak Ridge na kutishia kuupeleka mwili kwingine. Wengi walimwona mkaidi. Leo yeye amelazwa humo pamoja na mumewe, Edward, Willie na Tad, huku Robert akiwa katika makaburi ya Arlington karibu na Washington, na naamini Mary alikuwa na haki, kwa sababu mume ambaye wateja, majaji na taifa zima walimdai kwa miaka mingi hatimaye alipata kukaa na familia yake.