Kupinga thamani waliyoipa nyumba yangu Houston

Ndugu zangu wenye nyumba Texas, barua ya ofisi ya makadirio, inayotaja thamani ya nyumba ya kutozea kodi ya mali, ikifika, msiitupe kabatini. Kupinga ni bure. Mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu itumwe kama hizo zinaishia baadaye.

Mimi nilibeba picha za nyufa hadi ofisini kwao. Udongo wa mfinyanzi wa hapa Houston huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa ukame, na msingi wangu umepasuka toka jikoni hadi sebuleni. Nikaongeza makisio ya fundi na bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibu na Januari 1, tarehe wanayopimia. Kulia kwamba kodi ni nzito hakusaidii, pale hujadiliwa thamani tu. Wakaishusha.

Aliyefikisha miaka 65 aombe pia msamaha wa wazee: kodi ya shule kwa makazi yake huwekewa ukomo.