Sketi ya kutembelea ya mwaka 1905: vipande saba vimeungana, pindo bado

Mtindo ni wa Uingereza zama za Mfalme Edward VII (1901–1910): sketi inabana nyonga, inaanza kuchanua magotini, na nyuma inamwagika. Hii ni ya kutembelea barabarani, si ya kuburuza, kwa hiyo pindo litakuwa sentimita 4 juu ya ardhi.

Sufu nyepesi ya upana wa sentimita 150 imetumika mita 4.5. Ni nyingi kwa sababu manyoya yake yanalala upande mmoja. Vipande vikipishanishwa juu chini ili kubana kitambaa, sketi itaonekana ya rangi mbili.

Vipimo vimechukuliwa juu ya koseti (vazi la ndani la kukaza kiuno) na gagulo, na hapa hapana njia ya mkato. Koseti ya miaka hiyo ilinyooka mbele, ikasukuma kifua mbele na nyonga nyuma. Ndiyo maana kiuno cha mbele kimekatwa sentimita 2 chini zaidi. Ukipima bila koseti, pindo la nyuma litapanda.

Kiuno ni sentimita 70: kipande cha mbele 14, viwili vinavyofuata 10 kila kimoja, vya ubavuni 9, vya nyuma 9. Vya nyuma vimeongezwa 10 kila kimoja kwa ajili ya rinda linalokunjwa kwa ndani. Pindoni kila kipande kina 50, jumla mita 3.5.

Siri yote ya umbo iko kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Wengi hupitisha mtande katikati ya kila kipande, wakapata sketi iliyochanua sawasawa pande zote, ambayo si ya enzi hiyo hata ikipambwa vipi. Cha mbele tu ndicho kinachokatwa hivyo. Vingine vyote, ukingo unaotazama mbele unafuata mtande na ule wa nyuma unakaa mshazari, yaani unazikata nyuzi hizo kwa ulalo. Kila mshono basi, isipokuwa wa katikati ya nyuma, unaunganisha ukingo ulionyooka na wa mshazari, na uzito wote unavutwa nyuma.

Mshazari hunyooka ovyo. Piga bandi (mshono wa muda wa mkono) kuanzia kiunoni kushuka, kitambaa kikiwa kimelala mezani. Kinachozidi kitokee chini, kitakatwa. Kwenye cherehani, weka ukingo wa mshazari chini, meno yaulishe bila kuuvuta. Mshono ukijikunja, fumua, pasi haitausaidia.

Mwanya wa kuvalia umefichwa ndani ya rinda la nyuma, sentimita 25, kwa kulabu na vitanzi.

Sasa sketi imetundikwa kwa mkanda wa kiuno ili mshazari ushuke hadi mwisho wake. Ikiachwa usiku mmoja inatosha kwa sufu hii. Nzito zaidi ipewe siku mbili. Kisha pindo litapimwa kutoka sakafuni, koseti na viatu vikiwa vimevaliwa, litiwe bitana ya sentimita 12 na utepe mgumu wa sufu unaochungulia milimita 2 chini. Utepe huo ndio uliolika na kuchafuka badala ya sketi, ukabadilishwa.

Inayofuata ni blauzi: mbele yake itakatwa sentimita 6 zaidi ya kiuno, ivutwe kwa kamba ili ifure juu ya mkanda.