Aliyefungua mlango

Saa 12 asubuhi. Simu inaita sijavaa hata viatu. Ni dada anayemuuguza mumewe aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi. "Nesi, leo nimemfokea," anasema, kisha kimya. Namwambia naanzia kwake.

Mimi ni muuguzi wa kutembelea majumbani. Kwenye faili, mgonjwa ni aliye kitandani. Mimi huanza na aliyefungua mlango.

Saa 2. Macho mekundu. Kumbe tangu watoke hospitali anaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza mumewe asipate vidonda vya kulalia, na hakuna aliyerudi kuangalia kama bado kuna haja. Nakagua visigino, nyonga, mgongo chini: ngozi safi, na godoro ni lile maalumu la wagonjwa. Nampigia daktari, tunakubaliana usiku iwe kila saa nne. Akiona wekundu usiofifia akiubonyeza, anipigie.

Na kufoka? Chanzo ni shati. Alikuwa anaanza na mkono mzima, halafu anauvuta ule uliopooza uingie. Bega la namna hiyo huuma sana, na bwana hana maneno ya kusema, basi anapiga kelele. Mkewe akadhani ni ukaidi. Namwonyesha: kuvaa, tangulia na mkono mgonjwa, kuvua, tangulia na mzima. Anarudia mara tatu. Mara ya tatu analia, namwacha alie.

Saa 5. Kijana anayemtunza mama yake mwenye ugonjwa wa kusahau. Jioni mama hudai kwenda kwao, na yeye hubishana naye hadi wote wachoke. Namshauri aache kubishana, amuulize kwao kukoje.

Saa 8, ofisini. Najaza dodoso la Zarit la kupima mzigo wa mtunzaji: maswali 22, kila jibu 0 hadi 4. Wapo wenzangu wanaoliona karatasi tu. Nami huwatajia utafiti wa Schulz na Beach wa mwaka 1999: wazee waliowatunza wenzi wao huku wakielemewa, hatari yao ya kufa ndani ya miaka minne ilikuwa juu kwa asilimia 63 kuliko ya wazee wasiotunza mwenzi. Hapo wanaomba kalamu.

Saa 10. Kikao cha familia. Binti mmoja anamtunza baba, ndugu watatu wanasema, "Ukihitaji msaada, sema tu." Kauli hiyo siipendi hata kidogo. Inampa aliyechoka kazi nyingine, ya kuomba. Naweka karatasi mezani yenye siku saba. Kaka mkubwa anaandika Jumamosi, saa 3 hadi saa 9. Anayeishi mbali anachukua dawa na miadi ya kliniki, mambo yanayomalizika kwa simu. Wa mwisho anasema atakuwa anapitapita. "Siku gani?" namuuliza. Anacheka, anaandika Jumatano. Binti hasemi kitu. Anauliza tu kama Jumamosi anaweza kulala.

Saa 3 usiku. Ujumbe wa dada wa asubuhi: "Nesi, nilipokuja kumvua shati, kabla sijamgusa kaninyooshea mkono wa kushoto."