Hesabu ya Maskoksi na Deni Lisilotajwa

Juma lililopita, tukiwa hapa Inuvik, kaskazini mwa Kanada, tukipanga hesabu ya wanyama kwa ndege, mwenzetu mmoja aliniuliza mbele ya kikao kama nimewahi kuhesabu wanyama kitaalamu, maana alidhani kwetu Tanzania watu huhesabu wakiwa juu ya gari la watalii. Sikupandisha sauti, lakini swali hilo limeniuma, na ndugu zangu wa Dodoma na Manyoni wanastahili kujua sababu.

Kanuni inayotumika huku kukadiria maskoksi, wale wanyama wa manyoya marefu wanaoonekana weusi juu ya theluji, ilichapishwa na mtakwimu Jolly mwaka 1969 katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Ndege hufuata mistari iliyonyooka kwa kimo kisichobadilika, na mtazamaji huhesabu ndani ya ukanda uliowekewa alama kwenye nguzo inayoshikilia bawa. Mnyama aliye nje ya ukanda haandikwi. Kwa kuwa mistari haina urefu sawa, jumla ya walioonekana hugawanywa kwa eneo lililotazamwa, kisha huzidishwa kwa eneo zima, na kiwango cha mashaka hutajwa pamoja na jibu. Huko nyumbani, tembo wa hifadhi za Ruaha na Rungwa huhesabiwa vivyo hivyo wakati wa kiangazi, miti ikiwa imepukutisha majani.

Kinachotofautiana ni gharama. Hifadhi ya Aulavik ya huku, yenye zaidi ya kilomita za mraba 12,000, haina barabara hata moja, hivyo mafuta ya ndege hutangulizwa kwa mapipa. Mjini nako, fedha ninayotoa kwa nyanya chache ingeninunulia sado nzima soko la Majengo kule Dodoma, na chenji ingebaki. Hata hivyo mshahara hauchelewi, na wawindaji wazee wa Wainuvialuit, wenyeji wa asili wa huku, huketi nasi mezani kabla mistari haijachorwa, heshima ambayo wazee wetu wa Kondoa, wanaozijua njia za tembo, bado hawajapewa inavyostahili.

Vijana wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mnaoniuliza namna ya kufika huku, someni takwimu kwanza. Koti mtalipata baadaye. Niliposailiwa kwa kazi hii hakuna aliyetaja baridi. Waliuliza nimekaa saa ngapi kwenye kiti cha nyuma cha ndege nikihesabu, na kila saa niliyoitaja niliipata angani juu ya Rungwa na Kizigo.