Bakteria wa tumboni tunawaua kwa vidonge vya mafua

Mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi ya Dodoma ya asubuhi na upepo wa vumbi juu yake, nikashikwa mafua. Nikafanya kama tunavyofanya wengi, nikapita duka la dawa nikasema koo linauma, nikapewa amoksilini, nikameza siku tatu nikaona niko poa nikaacha. Mwezi wa nane tena. Mwezi wa tisa tena, safari hii nikapewa nyingine kali zaidi na hakuna aliyenipima chochote, na mimi wala sikuuliza. Baada ya hiyo ya tatu tumbo likaharibika kabisa, kuharisha, gesi, kujaa, wiki tatu mfululizo, nikawa naogopa hata kupanda daladala ya Nkuhungu.

Nilipoenda zahanati wakapima choo, hamna minyoo, hamna amiba. Daktari akauliza, umetumia antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, karibuni? Nikataja zote. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Umewaua waliokuwa wanakulinda."

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani, nikaanza kusoma. Kumbe mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zetu wenyewe, na wengi wao wako kwenye utumbo mpana. Sisi shuleni tulifundishwa bakteria ni ugonjwa basi, kumbe hawa wana kazi zao. Wanatengeneza vitamini K, wanawabana wadudu wabaya wasipate nafasi, na zile nyuzinyuzi za mboga na nafaka ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, wao wanazichachusha wanatoa kitu kinaitwa butireti, ambacho ndo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Yaani wasipokula wao, ukuta wa utumbo wako nao unashinda njaa. Na kilichonigusa zaidi ni maziwa ya mama, ndani yake kuna sukari za aina ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake. Mungu alipanga chakula chao kabla hata mtoto hajaota jino.

Sasa antibayotiki haichagui, inapita inafyeka. Na mafua mengi ni kirusi, ambacho antibayotiki haikigusi kabisa, kwa hiyo mi nilikuwa naumiza wa kwangu bure. Kuna bakteria anaitwa C. difficile, akikuta uwanja umebaki mtupu anazaliana na kuleta kuharisha kwa hatari, kunaua watu. Uholanzi mwaka 2013 walitoa matokeo ya kuwatibu wagonjwa ambao ugonjwa huu ulikuwa unawarudia, wakachukua kinyesi cha mtu mwenye afya kilichochanganywa na maji, wakakipitisha kwa mpira wa puani hadi utumboni, na kati ya 16 walipona 13 kwa mara ya kwanza tu! Choo ndo kilikuwa dawa, sababu ya bakteria waliomo. (Hii ni ya hospitali, na mtoaji anapimwa kwanza, usije ukajaribu nyumbani.)

Mimi nilienda Kongwa kwa shangazi. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, mbona umeisha hivyo? Wiki mbili nikala ugali wa mtama, mlenda, maziwa mgando, asubuhi kiporo cha ugali. Siwezi kusema mlenda ndo uliniponya, maana na vidonge nilikuwa nimeviacha, ila tumbo lilitulia polepole na mpaka leo sijakiacha hicho chakula. Hata kiporo tunachokidharau, wanga ukipoa sehemu yake inakuwa ngumu kusagika, inafika chini kwa bakteria.

Na sio maneno ya wazee tu. Moshi watafiti walichukua wanaume 77, wale waliozoea chakula cha asili wakabadilishiwa wiki mbili wakala chipsi, soseji, mkate mweupe, na damu ikaonesha uvimbe wa ndani (sio jipu, ni ile hali ya kinga kuwaka mwilini) umepanda na kinga imelegea, wale wa mjini waliopewa chakula cha asili ikawa kinyume chake, na hata waliokunywa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, wiki moja uvimbe huo ulipungua. Matokeo yalitoka 2025. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, walipimwa ikaonekana bakteria wao wanabadilika na msimu, kuna wanaopotea masika wakarudi kiangazi. Ubuyu huo huo umejaa hapa kwetu tunauona wa kuuzia abiria stendi.

Sisemi antibayotiki ni mbaya. Nimonia, TB, kidonda kilichooza, bila hizo watu wanakufa, na ukiandikiwa na daktari meza dozi yote kama alivyosema. Ninacholilia ni hii ya kununua kama pipi.

Wiki iliyopita mwanangu wa miaka mitatu kashikwa mafua, hana homa kali, anapumua vizuri. Nikaenda dukani, kabla sijamaliza kuongea kijana kashanyoosha mkono kwenye amoksilini ya maji. Nikamwambia hapana mdogo wangu, nipe panadol tu. Akaniangalia, akauliza una uhakika kaka? Nikamwambia ninao. Siku ya nne dogo alikuwa nje anakimbiza kuku.