Trabekulektomi: kazi ni kovu, si tundu

Trabekulektomi ni upasuaji wa kuyapa maji ya jicho njia mpya ya kutokea. Maji tunayoyazungumzia hapa si machozi. Ni yale ya ndani ya jicho, yanayotengenezwa nyuma ya iris (sehemu yenye rangi ya jicho) kwa kadiri ya mikrolita 2 hadi 3 kila dakika. Yasipopata pa kutokea, presha ya jicho hupanda na mshipa wa fahamu wa jicho hufa taratibu. Matone ya kushusha presha yakishindwa, au mgonjwa asipomudu kuyanunua kila mwezi, inabaki trabekulektomi, upasuaji ambao daktari wa macho Cairns aliueleza mwaka 1968.

Chini ya kope la juu, daktari hufunua konjunktiva (utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho) na kuweka sponji zenye mitomaisini C, dawa ya kuzuia kovu, miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa mililita, kwa dakika 2 au 3, kisha husuuza kwa maji mengi. Hukata kifuniko cha sklera (ukuta mweupe wa jicho), kama milimita 4 kwa 3, kwa nusu ya unene wake. Chini yake hutoboa tundu la takriban milimita 1. Kipande kidogo cha iris nacho hukatwa, la sivyo iris itavutwa na maji na kuziba tundu. Kifuniko hushonwa kwa nailoni 10-0, uzi mwembamba sana, na konjunktiva hufungwa pasipo mwanya. Maji hujikusanya chini yake, kikatokea kilengelenge.

Nyuzi zikilegea, presha hushuka chini ya milimita 5 za zebaki na chumba cha mbele (nafasi ya maji mbele ya iris) husinyaa. Zikikazwa mno, presha haishuki, lakini uzi waweza kukatwa baadaye kwa leza. Kwa hiyo heri kukaza.

Adui mkubwa ni kovu, hasa kwa wagonjwa wenye asili ya Kiafrika: mwili unaliona tundu kuwa jeraha na unataka kulifunga. Ndiyo maana matone ya steroidi, yanayotuliza uvimbe na kovu, huendelea kwa wiki nyingi, hata jicho likionekana limepona. Wanaoyaacha mapema ndio hurudi na kilengelenge kilicholala, yaani kilichobapa kwa kukosa maji. Mitomaisini nayo ikizidi, kilengelenge huwa chembamba, cheupe, na huvuja. Fluoresini, rangi inayodondoshewa jichoni, huonyesha mvujo huo papo hapo. Jicho lililofanyiwa upasuaji huu likiwa jekundu na kutoa usaha, hata miaka kadhaa baadaye, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Konjunktiva ikiwa imeshajaa makovu, huwekwa mrija wa kutolea maji wenye kibati mwishoni. Usio na vali ya kudhibiti mtiririko hufungwa kwa uzi unaoyeyuka baada ya wiki 5 au 6, ili utando uote kwanza kuzunguka kibati. Katika wiki hizo matone ya presha hayaachwi.