Daftari kwanza, kamera baadaye

Hapa Kigoma ukitaja mpango wa kuwapima macho watu wenye kisukari, mazungumzo yanahamia kwenye kamera ya kupiga picha ndani ya jicho. Itatoka wapi, nani ataitumia, umeme ukikatika je. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari na kamera naitaka sana. Ila ninachokililia kwanza ni daftari.

Daftari lenye jina la kila mwenye kisukari mkoani, kijiji chake, namba yake ya simu au ya mwanawe, na tarehe aliyopimwa macho mara ya mwisho. Maana ugonjwa wa macho unaoletwa na kisukari hauumi. Sukari inaharibu vimishipa vidogo vya damu vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, vinavuja polepole, na mwenyewe bado anaona. Mama mmoja muuza dagaa pale Kibirizi nilipomhimiza akapime, alinijibu: "Mwanangu, dagaa nawachambua bila miwani, macho yangu yana nini?" Nilimwelewa kabisa. Lakini anayesubiri ukungu ndipo aje, mara nyingi anakuja tumechelewa. Leza, yaani tiba ya miale ya mwanga kwenye retina, inazuia uharibifu usiendelee. Uoni uliokwisha kupotea kwa kawaida hairudishi.

England walianza mpango wao wa taifa mwaka 2003. Kamera walikuwa nazo hata kabla. Kilichoongezeka ni kuhakikisha kila mwenye kisukari wa kuanzia miaka 12 anaitwa, na asipokuja anaitwa tena. Mwaka 2014 watafiti wakaandika kwamba kisukari si sababu inayoongoza tena ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi huko England na Wales, mara ya kwanza katika miaka 50 hivi. Walitaja upimaji huo, pamoja na sukari kudhibitiwa vizuri zaidi.

Kwetu kuna ziwa. Mtu wa Kalya anakuja kwa boti. Ukimwambia arudi wiki ijayo kwa ajili ya macho, umemwambia asirudi. Picha ipigwe siku hiyohiyo ya kliniki, akiwa kwenye foleni ya kupima sukari, kisha itumwe kwa mtaalamu aisome huko aliko. Na akiwekewa matone ya kutanua mboni, ajulishwe mapema aje na mtu, kwani saa kadhaa hataona sawasawa, na kupanda boti katika hali hiyo ni hatari.

Kabla hatujamwita hata mmoja, ijulikane pia leza iko wapi na nauli inatoka kwa nani. Kumwambia mzee wa watu kwamba macho yake yanaharibika, kisha nimrudishe nyumbani mikono mitupu, hilo siliwezi.